Viwanja 1,500 vinapimwa: shule ya msingi ianze na madarasa mangapi, na ifunguliwe lini?

#1 Ramani_Mezani
Wakuu, heshima kwenu. Eneo jipya la makazi likipimwa, kiwanja cha shule huwa kinachorwa. Lakini uliza shule hiyo itakuwa na madarasa mangapi na ifunguliwe mwaka gani, kila mtu atakujibu lake. Matokeo tunayaona: miaka michache baadaye darasa la kwanza lina watoto 180 na dawati la wawili linabeba wanne.

Nimepiga hesabu ya mfano kwa viwanja 1,500. Sensa ya 2022 inatoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, basi 1,500 × 4.3 = watu 6,450. Walio chini ya miaka 15 ni kama asilimia 43 ya Watanzania. Ukigawa kwa miaka 15, kila rika ni kama asilimia 2.85, na marika saba ya darasa la kwanza hadi la saba ni asilimia 20. Hao ni wanafunzi 1,290. Kwa 45 kila chumba unahitaji vyumba 28 au 29, yaani mikondo minne.

Dai langu: ijengwe mikondo minne kabla nyumba ya kwanza haijapauliwa. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kokotoo
Hesabu imepangika, ila ina matundu matatu.

Kiwanja si kaya. Kiwanja kimoja kinaweza kukaa na ukuta na geti miaka minane bila mtu, na cha jirani yake kikawa na nyumba ya mwenye eneo pamoja na vyumba sita vya kupangisha uani. Hapo umepata kaya sifuri na kaya saba.

Asilimia 20 ni ya nchi nzima, kijijini na mjini. Eneo jipya halina umbo hilo la umri. Wenye nyumba wengi huhamia wakiwa wamekwisha kujenga kwa miaka, watoto wao wameshakua. Wapangaji ndio wenye watoto wa awali na darasa la kwanza. Kwa hiyo huwezi kugawa kwa saba ukapata madarasa sawasawa.

Tatu, umesahau elimu ya awali. Ile ni 25 kwa mwalimu mmoja, si 45.

#3 Nondo12
Mimi niulize la fedha. Kwenye BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, mwaka 2023 shule mpya ya mikondo miwili ilitengewa kama shilingi milioni 540, ya mkondo mmoja kama milioni 350, tofauti kidogo kidogo kwa mikoa. Mikondo minne ni zaidi ya bilioni moja. Ukiipeleka mahali ambapo hakuna nyumba hata moja, halmashauri ikaiacha shule yenye watoto 4,000 kata ya jirani, madiwani hawatapitisha. Na wakipitisha, popo na wezi wa bati ndio watakuwa wanafunzi wa kwanza.

#4 MwanaUnguja
Jamani, hapo mnaposema mikondo minne mmenitisha. Watoto waingie mara nne kwa siku?

#5 Chaki_Nyeupe
@MwanaUnguja hapana. Bara "mkondo" ni darasa sambamba: la kwanza A, la kwanza B. Mikondo miwili maana yake kila darasa lina A na B. Ile ya kuingia asubuhi na mchana huku tunaita zamu. Asante kwa kuuliza, maana mkanganyiko huu hutokea hata kwenye vikao.

Sasa kwa @Ramani_Mezani: unahesabu marika saba, lakini mtaala umebadilika. Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 inafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanamalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule kundi la mwisho la darasa la saba linapomaliza. Baada ya hapo darasa la saba halipo. Rika sita × 2.85 ni asilimia 17, siyo 20. Kwa watu wako 6,450 ni wanafunzi 1,100, vyumba 25. Ongeza awali: rika moja la kama watoto 184, kwa 25 ni vyumba 8.

#6 MwanaUnguja
Nimefahamu, ahsante. Huku kwetu darasa la saba tulishaliacha, skuli ya msingi ni miaka sita. Na mikondo kwetu ndiyo hiyo ya asubuhi na mchana, na skuli za ghorofa zinajengwa ili watoto wote waingie asubuhi.

#7 Nondo12
Chaki kaongeza vyumba vinane vya awali, mwashi lazima afurahi. Lakini kwa uhalisia nani anajenga vyumba vinane vya awali? Ramani nyingi za shule mpya zina viwili.

#8 Chaki_Nyeupe
Ndiyo maana chumba cha awali kina watoto 90. Ramani ina viwili kwa sababu ilichorwa kufuata mikondo, si idadi ya watoto. Mkondo wa 45 ukitoka awali, awali yake inapaswa kuwa vyumba viwili vya 25 (au 23), siyo kimoja. Kwa hiyo shule ya mikondo miwili inataka vyumba vinne vya awali, na choo chake chenye matundu madogo karibu, hatua chache tu. Mtoto wa miaka mitano hasubiri foleni ya wa darasa la tano.

#9 Kokotoo
Nirudi kwenye swali la lini, maana ndilo gumu kuliko la ngapi.

Chukueni Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza 2002: Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati, Bunju, Mbweni na kwingineko. Viwanja viligawiwa haraka, nyumba zikaja polepole sana. Watu walinunua kama akiba, barabara na maji vilichelewa. Aliyejenga shule ya vyumba 28 siku ya kugawa viwanja angekaa nayo tupu. Aliyesubiri nyumba zijae alichelewa.

Njia yangu: usihesabu viwanja, hesabu mapaa. Kila Januari mtendaji wa mtaa na balozi wapite kaya kwa kaya na daftari lenye safu tano tu: namba ya nyumba, kaya ngapi ndani, watoto wa miaka 0–3, 4–5, 6–13. Wale wa 0–3 ndio darasa la kwanza la miaka mitatu hadi sita ijayo. Hakuna haja ya kubahatisha, watoto wameshazaliwa. Ujenzi wa vyumba viwili kwa force akaunti (unatumia mafundi wa mtaani badala ya mkandarasi) ni miezi mitatu hadi sita kama fedha ipo. Una muda wa kutosha kabisa.

#10 Bi_Mtaa
Daftari ni zuri lakini halimalizi. Tuseme ukweli: maeneo ya viwanja vilivyopimwa, magari ya njano ya shule binafsi yanapita kila geti saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watoto wa wenye nyumba wengi hawataingia shule yenu. Watakaoingia ni wa wapangaji, wa walinzi wanaoishi kwenye viwanja visivyojengwa, wa mafundi na mama lishe, na kundi kubwa kuliko yote: watoto wa mtaa wa jirani usiopimwa, ambako hakuna kiwanja cha shule kabisa. Mkichora shule kwa ajili ya viwanja 1,500 mnajidanganya. Shule inahudumia duara, haijui mpaka wa ramani ya mipango miji.

#11 Ramani_Mezani
@Bi_Mtaa hoja nzito. Lakini urasimishaji wa makazi si unarekebisha hao wa jirani?

#12 Bi_Mtaa
Urasimishaji unawapa hati na kupanua njia. Mtu anakubali kukatwa mita moja ya ukuta gari lipite. Nani atakubali kukatwa ekari nne za shule? Hizo zinataka fidia, na fidia ndipo mambo hukwama.

#13 Mkaazi_Thika
Hamjambo wenzangu, nachangia kutoka Kenya. Msifurahie kupunguza darasa haraka hivyo. Kwetu mfumo ulipobadilika, gredi ya 7 mwaka 2023 iliwekwa ndani ya shule za msingi, ikafuata ya 8, na ya 9 Januari 2025. Shule iliyopangwa kwa madarasa manane ikajikuta na gredi tisa pamoja na chekechea, tena hawa wa juu wanahitaji maabara. Shule zilizokuwa na nafasi uwanjani zilijenga. Zilizojaza ploti yote hadi uani zilikwama. Sera inaweza kukupunguzia leo na kukuongezea kesho. Acheni ardhi ya akiba, si vyumba vya akiba.

Kuhusu ukubwa: mwongozo wetu wa usalama shuleni wa 2008 unataka darasa la mita 7.5 kwa 6, wanafunzi 30 kwa madawati ya mmoja mmoja au 40 kwa ya wawili wawili. Nyinyi 45 mnawaketisha katika chumba cha kiasi gani?

#14 Nondo12
Tukichukua chumba cha ndani mita 9 kwa 7. Nipige picha ya ndani, maana wengi wanaandika "chumba" bila kukipima.

Dawati la wawili lina urefu wa mita 1.2. Safu nne kwenye upana wa mita 7 zinakula mita 4.8. Zinabaki mita 2.2: njia tatu za sentimita 50, na sentimita 35 kila upande wa ukuta. Hiyo ni njia ya mwalimu kupita ubavuubavu, basi. Kwa urefu, dawati la kwanza likae mita 2.2 kutoka ubaoni, kila mstari sentimita 95, mistari sita ni mita 5.7. Nyuma inabaki mita 1.1. Jumla madawati 24, viti 48. Kwa 45 unatosha.

Wakija 90? Kila dawati watatu ni 72. Wale 18 wanaobaki wanakaa chini, wapi? Kwenye zile mita 2.2 mbele ya ubao. Mwalimu hana pa kusimama, na mtoto wa chini anatazama ubao kwa kukunja shingo. Nyuma ya chumba daftari halisahihishwi tena kwa sababu njia ya sentimita 50 imezibwa na magoti.

#15 Chaki_Nyeupe
Hapo pa daftari kutosahihishwa ndipo elimu inapopotea. Watu wanadhani msongamano ni hewa na joto tu.

#16 Mkaazi_Thika
Mita 63 za mraba kwa 45 ni 1.4 kwa mtoto. Kwetu 45 kwa 40 ni kama 1.1. Mnatuzidi nafasi kwenye karatasi.

#17 Pima_Kwanza
Mmezungumza vyumba, sasa ardhi. Nimejumlisha ya shule ya mikondo miwili, ghorofa hakuna:

Uwanja wa mpira wa mita 90 kwa 60 pamoja na kingo, mita za mraba 7,000. Majengo saba ya vyumba viwili viwili pamoja na nafasi ya mita 13 kati ya jengo na jengo, 3,000. Vyoo na karo zake (mashimo ya majitaka) 600. Utawala 300. Gwaride na kivuli cha miti 1,000. Netiboli 700. Jumla 12,600. Ongeza asilimia 30 ya njia, mifereji na miteremko, unapata 16,400. Hizo ni ekari nne.

Mikondo minne haidai ekari nane, kwa sababu uwanja wa mpira na utawala ni vilevile. Inafika kama ekari tano na nusu. Kwa hiyo kwa ardhi, shule moja kubwa ni nafuu kuliko mbili ndogo.

Na umbali je? Viwanja 1,500 vya wastani wa mita za mraba 800 ni hekta 120. Ongeza barabara na maeneo ya umma, tuseme hekta 200. Ikiwa ni mraba, kila upande ni kilomita 1.4, na kutoka katikati hadi pembeni kabisa ni kilomita moja. Mtoto wa awali anaweza. Shule moja katikati inatosha, ISIPOKUWA barabara kuu au korongo likipita katikati. Hapo lazima ziwe mbili, hata kama hesabu ya watoto haidai.

#18 Bi_Mtaa
Kilomita moja ya ndege si ya miguu. Viwanja vikubwa vina kuta ndefu, njia zinazunguka.

#19 Pima_Kwanza
Kweli, zidisha kwa 1.3. Dawa yake ni kuacha vichochoro vya waenda kwa miguu vya mita tatu kwenye mchoro wenyewe, vikipita kati ya viwanja kuelekea shuleni. Visipopimwa vikawekewa mawe ya mipaka, majirani wawili watavimega nusu kwa nusu.

Na kiwanja chenyewe cha shule kina maradhi matatu ninayoyajua:

Hakina hati. Mchoro una rangi ya shule, upimaji umefanyika, lakini hati ya jina la halmashauri haikutolewa. Miaka mitano baadaye kuna msingi wa nyumba ya mtu, na mtu huyo ana karatasi ya mauziano. Hati itolewe siku moja na hati za wananchi, na mzunguko upandwe miti, kila mita tatu. Miti ni uzio wa bei ndogo na hakuna anayedai aliinunua.

Ni mabaki. Mchoraji amepanga viwanja vya kuuza kwanza, akaipa shule bonde, au chini ya njia ya umeme wa msongo mkubwa. Kwenye karatasi ni ekari tano, ukitoa hifadhi ya njia ya umeme na ukingo wa mto zinabaki mbili.

Jengo la kwanza limejengwa katikati. Fedha ya vyumba viwili inafika, fundi anachagua sehemu tambarare kuliko zote, ambayo ndiyo uwanja wa mpira. Tangu siku hiyo kiwanja kimevunjika. Mpango wa shule nzima uchorwe kabla ya tofali la kwanza, hata kama unajenga choo tu.

#20 Kokotoo
@Pima_Kwanza hayo ya kuuza kwanza ndiyo mzizi, naona. Si takwimu, si fedha. Kiwanja cha shule hakirudishi gharama za upimaji, kwa hiyo kinapewa kilichobaki. Dodoma tangu uamuzi wa kuhamia wa 1973 na mpango wa 1976 ilichorwa kwa jamii ndogondogo zenye huduma zake. Maeneo yaliyoheshimu mchoro ule hadi leo yanatembeka.

#21 Nondo12
Sikubali kuwa ni ardhi tu. Ziko kata zenye kiwanja safi, hati ipo, na bado watoto wamejazana. Huko kilichokosekana ni fedha. Tangu 2021 na fedha za UVIKO-19, darasa moja milioni 20, nguvu kubwa ilikwenda sekondari, 12,000 kati ya madarasa 15,000. Msingi wakaambiwa waanzishe maboma wenyewe. Boma linasimama hadi linta kwa michango, linangoja umaliziaji, mvua mbili zinapita na tofali la juu linaanza kumomonyoka.

#22 Chaki_Nyeupe
Na mimi naongeza sababu ya tatu: walimu. Vyumba 12 kwa 45 vinataka walimu 12 wa kusimama darasani, mwalimu mkuu, wa awali wanne, na mmoja au wawili wa akiba ya likizo za uzazi na ugonjwa. Nimeona majedwali ya shule mpya yenye vyumba vizuri vyenye vigae na walimu saba. Wanafanya nini? Wanaunganisha A na B. Vyumba vipo, nusu vimefungwa, chumba kimoja kina 90. Ukipita nje utasema madarasa hayatoshi.

Maombi ya ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, yaandikwe mapema, pamoja na maombi ya usajili. Mthibiti ubora, afisa afya na mhandisi wakishakagua na namba ya EM (ya usajili wa shule ya msingi) ikitoka, ndipo shule inaanza kuhesabika. Bila namba ni shikizi, yaani tawi la shule nyingine, na walimu na ruzuku vinapitia shule mama.

#23 Ramani_Mezani
Ruzuku inatosha kuendesha?

#24 Chaki_Nyeupe
Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 ni ya vitabu, 6,000 ndiyo inayofika shuleni. Tuseme shule ina watoto 630: 630 × 6,000 ÷ 12 ni shilingi 315,000 kwa mwezi. Ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, umeme, bili ya maji. Mlinzi hamo. Kwa hiyo unapopanga shule, kila kitu kinachokula fedha kila mwezi kiwaze mara mbili. Pampu ya umeme ya maji, kwa mfano.

#25 MwanaUnguja
Mimi naomba nitetee zamu mbili, maana mnaziruka. Vyumba 12 kwa zamu mbili vinabeba madarasa 24. Si suluhisho la kudumu, lakini kwa miaka mitatu wakati vyumba vinaongezwa, bora mtoto asome kwa saa nne akiwa na dawati kuliko kwa saa saba akiwa sakafuni. Yako mambo yake lakini. Muwe na kivuli cha kusubiria, kwani zamu ya mchana hufika kabla ya asubuhi haijatoka, na kwa nusu saa skuli ina watoto wote. Kabati za walimu ziwe mbilimbili. Na wadogo waingie asubuhi, mchana husinzia.

#26 Bi_Mtaa
Zamu ya mchana wanatoka karibu na magharibi. Mtaa mpya, viwanja vina vichaka, taa za barabarani hakuna. Mzazi wa binti hakubali, na ana haki.

#27 Chaki_Nyeupe
Wapange wavulana na wasichana wakubwa asubuhi basi, la tatu na la nne mchana. Lakini nakubali, ni dawa ya muda. Kinachonikera zaidi ni ile ya kugawa shule moja kuwa mbili ndani ya uzio mmoja: walimu wakuu wawili, kengele mbili, choo kilekile. Takwimu zinapendeza, "wastani wa wanafunzi kwa shule umeshuka". Mtoto hajapata hata sentimita moja.

#28 Pima_Kwanza
Hakuna aliyepiga hesabu ya matundu ya vyoo na maji hadi posti ya 28! Hapo ndipo shule mpya nyingi zinapokwama usajili.

#29 Nondo12
Tundu moja kwa wavulana 20, wasichana 25. Tuseme shule ina wanafunzi 680, sawa?

#30 Chaki_Nyeupe
Umegeuza mzee. Wasichana 20, wavulana 25. Kwa 340 na 340: wasichana matundu 17, wavulana 14 pamoja na mfereji wa kukojolea. Moja pana kila upande kwa mwenye kiti cha magurudumu, njia ya mteremko usiozidi 1 kwa 12, mlango sentimita 90. Chumba cha kujihifadhi wasichana chenye maji ndani, kitasa cha ndani, na mlango unaoelekea kichomea taka bila kupita mbele za watu. Walimu wao kando.

#31 Mkaazi_Thika
Kwetu ni matundu 4 kwa wanafunzi 30 wa kwanza, kisha moja kwa kila 30 hadi 270 zaidi, halafu moja kwa kila 50. Shule ndogo inapata unafuu, kubwa inabanwa.

#32 Kokotoo
Maji: lita 5 kwa mtoto kwa siku bila kuhesabu choo cha kumwagilia. 680 × 5 ni lita 3,400. Tanki la lita 10,000 linamaliza siku tatu hata hazifiki. Mwaka wa masomo una siku 194, basi ni kama lita 660,000.

Sasa tazama paa. Jengo la vyumba viwili na baraza lina paa la kama mita za mraba 180. Dodoma mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka. Ukitoa asilimia 20 ya kupotea, paa moja linakupa lita 82,000. Mapaa saba, lita 574,000. Karibu mahitaji ya mwaka mzima! Tatizo ni kwamba karibu yote yanashuka Desemba hadi Aprili, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni haba sana. Unahitaji pa kuyaweka. Dar mvua ni karibu mara mbili na ina misimu miwili, tanki dogo linajaa tena na tena.

#33 Nondo12
Na shule nyingi zinajengwa bila hata mfereji wa bati! Gharama ya mifereji na vishikizo vyake ni kidogo mno ukilinganisha na jengo. Maji yanadondoka chini, yanachimba kando ya msingi, baada ya misimu mitatu unaona jamvi la baraza limening'inia. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba, ndiyo kabisa: unakunywa maji upande mmoja, jengo linapasuka kuanzia pembe ya dirisha. Huko ondoa udongo hadi uufikie mgumu, jaza kifusi cha changarawe kwa tabaka za sentimita 15 na ushindilie kila moja, kisha mkanda wa zege chini na mwingine juu ya linta. Ukiruka mkanda wa chini kubana matumizi, utalipa mara tatu.

Jingine: jengo lilale mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Shule nikiona madirisha yanatazama magharibi najua saa nane mchana nusu ya darasa limehamia ukuta wa pili.

#34 Ramani_Mezani
Nawashukuru wote. Nimerekebisha: si mikondo minne siku ya kwanza. Ekari tano na nusu zenye hati, mpango wa shule nzima mezani. Awamu ya kwanza vyumba sita vya awali hadi la nne, utawala mdogo, vyoo vya watoto 300, mifereji na tanki. Kisha vyumba viwili kila daftari la Januari likisema hivyo.

#35 Kokotoo
Awali hadi la nne ni sawa, wazazi huwa hawahamishi mtoto wa darasa la mtihani. Lakini la nne lina upimaji wa taifa pia. Anza na awali hadi la tatu, uhamisho kwenye PReM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi) ufanyike Desemba na si katikati ya muhula.

#36 Bi_Mtaa
Na daftari lipite mtaa wa jirani pia. Bila hivyo vyumba sita vitajaa wiki ya kwanza.

#37 Nondo12
Bado nasema fedha ya "kila Januari" haitakuja kila Januari. Bora vyumba vinne kwa mkupuo.

#38 Ramani_Mezani
Swali la mwisho kwa leo. Upande wa Kigamboni ambako maji ya chini yako karibu, karo la vyoo 31 linachimbwa kina gani?

#39 Pima_Kwanza
Usianze na kina. Anza na kujua maji yanasimama wapi. Sakafu ya shimo la kunywea majitaka ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji, na mita 30 kutoka kisimani. Kama maji yako mita mbili tu, shimo refu halifai kabisa: tandaza mifereji mifupi ya kokoto, au inua vyoo kwenye tuta, ngazi tano na njia ya mteremko. Na hilo shimo la kupimia lichimbe mwezi wa Mei masika inapoisha. Ukilichimba Septemba litakuwa kavu, mtajenga kwa kuliamini, na Aprili kinyesi kitarudi juu.